Mshauri wa masomo naye anahitaji kushauriwa

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu na kuna waliodhani nimedisko. Hapana jamani, nipo. Mitihani imekwisha, bumu lilikwisha kabla ya mitihani, na mimi nimekimbilia nyumbani Buseresere kula ugali wa mama ambao hauna foleni wala kuponi.

Kwa wale wa Dar ambao kila wakisikia Geita wanafikiri tunaokota dhahabu barabarani: Buseresere ipo wilaya ya Chato, ile iliyomegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 ikiwa bado Kagera, halafu mwaka 2012 ikaingizwa mkoa mpya wa Geita. Ukitoka Geita mjini unapita Katoro, na kama dereva wa mchomoko hajakuambia, hutajua Katoro imeishia wapi na Buseresere imeanzia wapi. Maduka yameungana. Safari hii nimevuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja, lile lililofunguliwa 2025. Mwaka wa kwanza nilikaa foleni ya kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yakaisha kwa muuzaji.

Sasa, nilitaka leo niwaandikie habari za likizo, michembe na matobolwa. Lakini juzi nimekutana na mtu, na tangu nikutane naye sijalala vizuri. Kwa hiyo leo mtanivumilia, nitasema jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo: mshauri wa masomo.

Mtu mwenyewe ni kijana wa mtaani kwetu, mdogo wangu kwa miaka miwili. Jina lake naliacha. Ndiye wa kwanza kwenye nyumba yao kufika chuo kikuu. Siku anaondoka mama yake alichinja kuku, na mimi ndiye niliyeitwa kumwelekeza mambo ya chuo, maana nilikuwa nimeshatangulia. Nilimwelekeza vizuri sana: wapi chakula ni rahisi, steshenari gani wanatoa kopi kwa bei nafuu, namna ya kubebana hosteli kama hujapata chumba. Hayo ndiyo niliyoyajua.

Juzi nimemkuta kwenye karasha, njia ya kwenda machimboni, amejaa vumbi jeupe mpaka kope. Yule mtu anayemwaga mawe kwenye mashine, hapo hapo kwenye ukelele, ndiye yeye. Nikamwita. Akacheka.

"Kaka, umerudi?"

"Nimerudi. Wewe si mwaka wa pili? Mbona huku?"

"Mimi nilishatoka, kaka. Walinidisko."

Nikadhani GPA. Kumbe hata mitihani hakufanya! Muhula wa pili wa mwaka wa kwanza, wiki ya saba hivi, alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki. Akapanda basi usiku huo huo. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na mnajua nyumba zetu. Mazishi, matanga, halafu shamba la mpunga lilikuwa na mgogoro wa mpaka na jirani, ikabidi asimame yeye mbele ya wazee. Wiki moja ikawa tano. Aliporudi chuoni, testi mbili zilikuwa zimepita na mahudhurio yake yalikuwa hayatoshi kumruhusu kuingia kwenye UE.

Akauliza wenzake. Mmoja akamwambia, "Usihofu, utafanya sapu." Mwingine akasema, "Andika barua baada ya matokeo kutoka." Mwingine: "Huyo lekcha mkali, usimwendee, atakukomoa." Akasikiliza wote watatu. Matokeo yalipotoka hakukuwa na sapu. Ilionekana ni mtu aliyetoroka masomo bila taarifa. Alipokuja kujua kwamba kuna kitu kinaitwa rufaa, siku za rufaa zilikuwa zimepita.

Ndugu zangu, hapa ndipo panaponiuma. Karibu kila chuo nchini kina kanuni ya kuahirisha masomo au mitihani kwa sababu nzito, na msiba wa mzazi ni sababu nzito kuliko nyingi. Kinachotakiwa ni barua na ushahidi, na uombe mapema. Huyu bwana mdogo alikaa wiki tano Buseresere. Ofisi ya mtendaji wa kata ni dakika kumi kwa miguu kutoka kwao. Barua moja ya mtendaji, yenye mhuri, ikapigwa picha ikatumwa kwa mtu sahihi chuoni, na leo angekuwa anasoma mwaka wa kwanza tena au wa pili. Wala hakushindwa masomo. Testi ya kwanza alipata vizuri kuliko mimi nilivyopata.

Nikamuuliza, "Mshauri wako wa masomo alikuwa nani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jina la waziri wa Uswisi. "Kulikuwa na karatasi ubaoni, yenye majina yetu na ya walimu. Mimi nilifikiri ni ya makundi ya semina."

Haya. Sasa wengi mtasema, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo: washauri wa masomo ni wazembe. Wamepewa wanafunzi hawawajui, mlango umefungwa, ukibisha unaambiwa rudi Alhamisi, Alhamisi yuko semina Arusha. Ukimpata anasaini fomu bila kuinua macho. Hayo yapo, sitayakana. Lakini leo nataka kupingana kidogo na maoni ya vijiweni, nikiwemo mimi mwenyewe wa mwaka jana. Nadhani tatizo kubwa si uzembe. Tatizo kubwa ni kwamba tunamwita mtu mshauri halafu hatumpi cha kushaurii. Hana taarifa mpya, hana zana, hana muda.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani, maana hata hapa tunachanganya. Mshauri wa wanafunzi ni yule mkubwa wa ofisi inayoshughulika na malazi, nidhamu, afya, serikali ya wanafunzi n.k. Anawahudumia chuo kizima. Mshauri wa masomo ni mwalimu wa kawaida wa idara yako aliyegawiwa kundi la wanafunzi ili awafuate kitaaluma: kozi gani usajili, krediti zako zimetimia au la, matokeo yako yanaelekea wapi, ukikwama uende wapi. Mwaka wa kwanza mimi nilimpelekea wa kwanza shida ya wa pili na wa pili shida ya wa kwanza, na wote wawili walinirudisha.

Niwape kisa changu, maana nisije nikaonekana namcheka mwenzangu. Mwaka wa kwanza nilichagua kozi moja ya hiari kwa sababu kaka mmoja wa mwaka wa tatu alisema, "Ile A ni ya bure." Kweli nilipata A. Niliwapigia simu mpaka nyumbani. Mwaka wa pili, wiki ya pili ya muhula, niko kwenye foleni ya steshenari, nyuma yangu akasimama mama mmoja mwalimu wa idara yetu. Nikampisha, shikamoo, marahaba. Akaangalia fomu niliyoshika, akauliza, "Hii kozi nani alikuambia usome?" Nikamweleza kwa kujivuna. Akasema, "Mwanangu, hii haihesabiwi kwenye programu yako."

Nilihisi miguu imeisha. Mnajua hesabu zetu: kwa mfumo wa TCU krediti moja ni kama saa kumi za kazi, na shahada ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360, yaani 120 kila mwaka. Ukipungukiwa hata kwa kozi moja, unaweza kuwa na GPA ya kupaa na usiitwe kwenye mahafali. Mama yule akanipeleka ofisini, akatoa kitabu cha programu alichokichapisha kwa hela yake, kimejaa maandishi ya kalamu pembeni, akaniambia dirisha la kuongeza na kuacha kozi linafungwa baada ya siku tatu. Tukajaza fomu. Nikapona.

Na kumbe ndiye aliyekuwa mshauri wangu wa masomo kwa mwaka mzima! Jina langu lilikuwa kwenye karatasi yake, jina lake lilikuwa ubaoni, na tulikutana kwa bahati kwenye foleni ya fotokopi.

Kwa hiyo mimi na yule wa kwenye karasha tofauti yetu si akili wala bidii. Mimi nilisimama kwenye foleni sahihi siku sahihi, yeye alikuwa matangani. Chuo kikuu hakipaswi kuendeshwa hivyo, kama bahati nasibu.

Baadaye nilimzoea yule mama, nikamuuliza kwa nini hakutuita. Akanijibu bila hasira: "Nilipewa karatasi ya majina, zaidi ya sitini. Hamna namba za simu, hamna matokeo yenu, hamna chochote. Kanuni nilizonazo mezani ni za zamani, zilishabadilishwa mara mbili na hakuna aliyeniletea mpya. Nikikuambia kitu kisicho sahihi ukaharibikiwa, nani atabeba?" Halafu akaongeza neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Wengine wanafunga mlango kwa sababu hawajui jibu, na mwalimu anaona aibu kusema sijui."

Hapo nikaanza kufikiri upya.

Tuangalie tulikotoka. Chuo kikuu cha kwanza hapa kwetu kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hata ishirini hawafiki. Mwalimu anakujua jina, anajua kwenu, anajua kama jana ulikula. Hapo mshauri wa masomo wa nini? Kila mwalimu ni mshauri. Sasa ruka mpaka 2007, UDOM inaanzishwa na inapangwa kuja kuchukua wanafunzi 40,000. Elfu arobaini ni mji! Ni jambo jema, maana bila upanuzi ule watoto wengi wa Buseresere tungeishia kusikia chuo kikuu redioni. Lakini ule ujuano wa Lumumba haukupanuka pamoja na majengo.

Halafu angalieni mambo yanavyobadilika. Bodi ya mikopo ilianzishwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi 2005. TCU ikaja kwa sheria ya vyuo vikuu ya 2005. Mwaka 2010 udahili ukawa wa pamoja kupitia mfumo wa TCU, mwaka 2017 ukarudishwa, mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu pale UDOM walirudishwa nyumbani ghafla, na wengi wao hawakuwa na mtu wa kumuuliza "sasa mimi naenda wapi?" Kuanzia 2021 kukaja mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao pamoja na kujenga madarasa umegusa mitaala ya vyuo. Mtaala ukibadilika kozi zinabadilika majina, namba na krediti. Mwanafunzi aliyeanza na mtaala wa zamani akarudia mwaka anajikuta katikati ya mitaala miwili, kama mtu aliyeshuka basi moja na jingine limeshaondoka.

Ktk hali hiyo, mshauri mwenye kanuni za miaka kumi iliyopita ni hatari kuliko kutokuwa na mshauri. Maana redio mbao unaweza kuitilia shaka. Mwalimu mwenye shahada tatu humtilii shaka.

Wenzetu nao walipita hapa. Marekani, mwaka 1972, jamaa mmoja anaitwa Burns Crookston aliandika makala akisema ushauri wa masomo ni aina ya ufundishaji, si kusaini fomu tu. Mwaka 1979 washauri wenyewe wakaanzisha chama chao, NACADA, wakawa wanakutana, wanabadilishana miongozo, wanaelimishana mambo yakibadilika. Sisemi tuige kila kitu cha Marekani, wao wana vyuo ambavyo mshauri ni kazi ya mtu kutwa nzima na mshahara wake. Nachosema ni kwamba walikubali jambo moja: kushauri ni kazi yenye ujuzi wake, na mwenye kuifanya naye anahitaji kufundishwa na kuletewa habari. Hazaliwi nayo kwa sababu ana PhD ya udongo.

Lakini kwa nini niende Marekani wakati mfano uko hapa nyumbani? Wazee wa machimbo wa hapa kwetu wanakumbuka. Kabla ya 2019 mchimbaji mdogo akitoka kwenye duara na gramu zake, bei alikuwa anaambiwa na mnunuzi. Kila broka na bei yake, kila broka na mzani wake. Mchimbaji hakuwa mjinga, alikuwa tu hana mahali pa kuona bei ya kweli. Machi 2019 likafunguliwa soko la madini Geita, la kwanza nchini, mzani mmoja, bei elekezi inatangazwa. Broka hawajaisha, na malalamiko hayajaisha, lakini sasa mchimbaji anaweza kuuliza, "Mbona sokoni ni kiasi fulani?"

Sisi wanafunzi bado tuko kabla ya 2019. Kila CR na kanuni yake, kila grupu la WhatsApp na tarehe yake ya mwisho. Tunauza miaka yetu mitatu kwa bei ya kuambiwa. Mshauri wa masomo ndiye angekuwa soko letu, lakini soko lenyewe halina mzani.

Basi ningekuwa mkubwa pale chuoni (msicheke), ningefanya mambo yafuatayo, na sioni linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Moja, karatasi moja kila mwanzo wa muhula. Moja tu, mbele na nyuma. Mbele: tarehe zote za muhimu, yaani usajili, kuongeza na kuacha kozi, mwisho wa kuomba kuahirisha, testi, UE, rufaa, sapu. Nyuma: nini kimebadilika tangu muhula uliopita. Kila mshauri apewe, na ipigwe tarehe ili ya zamani ijulikane ni ya zamani. Kitabu cha kurasa mia mbili hakuna anayesoma, hata aliyekiandika.

Mbili, mshauri aone matokeo ya wanafunzi wake kabla hayajawa matanga. Kizingiti cha kubaki chuoni ni GPA ya 2.0, sote tunakijua kwa kukiogopa. Lakini mtu hafiki chini ya 2.0 kwa siku moja. Testi ya kwanza inaonyesha, mahudhurio yanaonyesha. Mwanafunzi akikosa testi mbili, jina lake liende kwa mshauri wiki hiyo hiyo. Yule bwana mdogo angepigiwa simu akiwa matangani: "Pole kwa msiba. Nenda kwa mtendaji, chukua barua, nitumie leo." Sentensi moja tu, jamani.

Tatu, orodha ya nani anafanya nini. Mkopo haujaingia, uende dirisha lipi, kwa nani, na karatasi gani. Unaumwa, nani anatoa cheti kinachokubalika. Unataka kuhama programu, nani anasaini kwanza, na bodi ya mikopo iarifiwe vipi. Mshauri hahitaji kujua kila jibu, anahitaji kujua mlango. Sasa hivi hata yeye anabahatisha mlango.

Nne, wapewe nusu siku ya mafunzo kila mwaka. Wanapewa semina za kuandika maombi ya fedha za utafiti, za maadili, za kila kitu. Nusu siku ya kushauri wanafunzi haitaua mtu. Na humo wafundishwe pia kutambua mtu aliyekata tamaa, maana si kila anayekosa testi yuko baa.

Tano, kazi hii ihesabiwe. Mwalimu anapandishwa cheo kwa machapisho na vipindi alivyofundisha. Aliyewaokoa wanafunzi kumi wasidisko anapata nini? Ahsante, na pengine hata hiyo hapati. Mkitaka kitu kifanyike, kiandikeni kwenye mzigo wa kazi.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza atasema: chuo kikuu ni cha watu wazima, kanuni zipo, wasome wenyewe. Nakubali nusu. Tunasoma mambo magumu zaidi ya kanuni. Lakini hebu fikiria mtoto aliyetoka nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuona fomu ya kuahirisha masomo. Hajui kwamba kitu hicho kipo. Huwezi kutafuta kitu usichojua kama kipo. Mtoto wa profesa akifiwa, kuna mtu sebuleni atamwambia "andika barua." Mtoto wa mchimbaji ataambiwa "jikaze." Wote wawili wana kanuni zile zile kwenye simu zao. Kwa hiyo mkisema "wasome wenyewe", mnajua mnawaacha akina nani.

Wa pili atasema walimu wana mizigo mikubwa. Kweli kabisa, na ndiyo maana nimesema karatasi moja na orodha moja. Mwalimu mwenye taarifa anamaliza shida kwa dakika tano. Asiye nayo anakuzungusha wiki mbili, na wiki mbili hizo ni zake pia.

Na sisi wanafunzi tusijitoe. Tunaogopa walimu kupita kiasi, hasa tuliotoka huku Kanda ya Ziwa. Tumelelewa kwamba mkubwa hasumbuliwi. Hapa nyumbani ukimwambia mzee "mwadila" unasubiri aitikie, akinyamaza unaondoka zako. Ofisi haiendi hivyo! Ukibisha asipofungua, rudi. Acha ujumbe, andika tarehe. Jina la mshauri wako lijue wiki ya kwanza, hata kama huna shida. Nenda ukamsalimie tu, "Shikamoo mwalimu, mimi ni mmoja wa wale wako sitini." Akikukumbuka kwa sura, siku ya shida utakuwa mtu na si namba ya usajili. Na tuache kuwa redio mbao. Mimi mwenyewe nilimtuma mdogo wangu chuoni na habari za hosteli na bei ya kopi. Ningemwambia jambo moja tu, "Ukipata tatizo lolote, kabla hujaondoka mkoani, mtafute mshauri wako uandike barua," leo asingekuwa na vumbi kwenye kope. Sikumwambia kwa sababu na mimi sikujua. Hilo halinipi usingizi.

Jioni ile tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa, karibu na stendi. Alikuwa ameoga. Hakulalamika hata mara moja, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinieleza namna karasha inavyolipa, namna anavyomsaidia mama yake na wadogo zake ada. Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na hela yake: "Kaka, hivi mtu aliyedisko anaweza kuomba tena?"

Nikafungua mdomo kujibu. Nilikuwa tayari kusema, "Ndiyo, unaomba tu upya, rahisi sana." Niliwahi kumsikia mtu akisema hivyo, kwenye foleni ya chakula. Nikajikuta nimenyamaza. Nikasema, "Sijui. Ngoja nikaulize kwa anayejua."

Tukachukua karatasi ya boksi la sigara kwa muuza kahawa, nikaandika maswali matatu. Kwanza, je, aliyeondolewa kwa kutofanya mitihani anaruhusiwa kuomba tena programu ile ile, na baada ya muda gani? Pili, kozi alizofaulu muhula wa kwanza zinaweza kuhesabiwa, maana utaratibu wa kuhamisha krediti upo? Tatu, mkopo wake unasimamaje, kwa kuwa deni halifutiki eti kwa sababu umeacha chuo?

Karatasi hiyo ninayo kwenye pochi. Siku ya kwanza nikirudi, kabla hata sijatafuta chumba, nitaipeleka kwa yule mama wa foleni ya fotokopi. Kama anajua, nitawaandikia majibu hapa hapa, yawafae na wengine. Kama hajui, nitamuomba tuulize pamoja, mlango kwa mlango, na nitawaandikia ni mlango upi uliofunguka.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kisa chake na atoe, hasa waliookolewa, maana tukiwasema wabaya tuwataje na wema. Mama ananiita, ugali unapoa.

Tupo pamoja.